Punda Aliyechechemea Mguu Usio na Kidonda

Punda wetu tulimpata kwa jirani, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilifika hapa kijijini Mofu na ng'ombe wao zamani kabla yetu. Punda mwenyewe alikuwa jike wa rangi ya majivu, mwenye mstari mweusi mgongoni na sikio moja lililochanika ncha. Mimi ni Mpogoro wa upande wa Mahenge. Kwetu mzigo ulibebwa kichwani, na punda nilimjua kwa picha za kanisani tu, akiwa amembeba Bikira Maria. Mume wangu kwao ni Kigoma, na maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye mashamba ya miwa akitengeneza matrekta. Yeye alijua kitu kinachokokota mzigo kuwa kina injini. Kwa hiyo punda alipoingia uani kwetu, sisi wawili tulimzunguka kama watu waliopewa mtoto wa mtu wamlee.

Jirani alitucheka. "Mpeni majani, mpeni maji, msimpige kichwani," alisema. "Mengine atawafundisha mwenyewe."

Misimu miwili alitufundisha vizuri. Alibeba mbegu kwenda shambani na mpunga kurudi nyumbani, na njia aliijua kuliko mimi. Halafu ikaja ile asubuhi ya mwanzo wa mvua.

Nilikuwa nimechelewa. Wanawake niliokuwa nimepatana nao kunisaidia kupandikiza walikuwa wameshafika jarubani, kwenye shamba la mpunga lenye maji, na miche ilikuwa bado kwenye viroba mgongoni kwa punda. Katikati ya njia kuna mfereji, na juu ya mfereji walikuwa wametandaza mbao nne. Tulikuwa tumepita hapo mara nyingi. Asubuhi ile punda alifika kwenye ubao wa kwanza akasimama. Aliinamisha kichwa, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

Nilimvuta. Akakataa. Nikamwita mkaidi, nikamwita majina mengine ambayo Jumapili ile niliyapeleka kwenye kitubio, na mwisho nikachukua fimbo nikamchapa matakoni. Akapita. Ubao wa tatu ulikatika chini yake kama muhogo mkavu, na mguu wa nyuma wa kushoto ukazama hadi pajani.

Aliyepiga kelele ni mimi. Yeye alinyamaza kabisa, akabaki amelala juu ya mbao akipumua kwa nguvu, macho ameyatoa. Wavuvi watatu waliokuwa wakitoka mtoni na baiskeli zao walizitupa chini pamoja na matenga ya perege, wakamfungua mizigo, wakapitisha kamba chini ya tumbo wakamwinua. Mguu ulipotoka, ngozi ya chini ya goti ilikuwa imevuliwa kama soksi. Niliona kitu cheupe ndani. Sikuangalia mara ya pili.

Mume wangu tulimpigia simu akaja mbio, na hilo lenyewe lilinishangaza. Tangu astaafu alikuwa amegeuka mtu wa redio. Alikaa kwenye kiti cha kamba kibarazani, akasikiliza taarifa ya habari ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, na ukimwuliza habari gani anasema, "Zilezile." Shambani alikuja kwa sababu nilimwambia aje. Asubuhi ile alikuja na shuka yetu ya kitandani, iliyo nzuri, akaichana vipande bila kuniuliza, akaufunga ule mguu jinsi anavyofunga paipu inayovuja, kuanzia chini kwenda juu, kwa kukaza.

Daktari wa mifugo alifika mchana kwa pikipiki kutoka Ifakara, ana matope mpaka kifuani. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yetu mkubwa anayekaa Lipangalala.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na njia."

"Njia nimeizoea. Yuko wapi mgonjwa?"

Alimchoma sindano ya ganzi, akamsafisha, akamshona pale palipokubali kushonwa. Kisha akatuonyesha namna ya kuosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, namna ya kupaka dawa na kufunga. "Mfupa haukuguswa," alisema. "Hii ngozi itarudi. Lakini itataka subira yenu kuliko dawa yangu. Asibebe hata kuku mpaka nimwone tena."

Mume wangu aliniambia, "Kuosha nitaosha mimi."

Akaosha. Asubuhi na jioni, wiki saba. Redio ilibaki inaongea peke yake kibarazani. Nilimsikia kule kwenye kibanda akimsemesha punda kwa Kiha, lugha ambayo hata watoto wetu hakuwahi kuwafundisha vizuri. Siku ya Ijumaa alitoka msikitini akampitia kwanza punda ndipo akaja kula. Mimi nami Jumapili niliweka nia ya misa bila kumtaja mgonjwa ni nani, maana nilijua padri angeuliza. Kwa hiyo yule punda aliombewa pande zote mbili, na kidonda kilifunga kuanzia kingoni kwenda katikati, nyama ya pinki, halafu ngozi nyembamba, halafu vinyweleo vyeupe.

Na kwa vile hakufanya kazi yoyote, aliharibika tabia. Alizoea pumba za mpunga na maganda ya ndizi. Alijifunza kufungua mlango wa jikoni kwa kuusukuma na pua. Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta amesimama ndani, ameingiza kichwa kwenye sufuria ya wali wa jana, na mume wangu amekaa kigodani pembeni yake.

"Umemwacha anakula wali?"

"Ulikuwa umeshachacha," alijibu.

Daktari aliporudi alikata nyuzi za mwisho, akaukunja mguu na kuukunjua, akatabasamu. "Hongereni. Muanze kumtembeza taratibu. Kama baada ya wiki mbili yuko sawa, mwekeeni mzigo mwepesi."

Tulimtembeza. Siku tatu za kwanza alitembea kama bibi harusi. Siku ya nne, kwenye barabara kubwa inayopita katikati ya kijiji, niliona mwendo umebadilika. Hatua, hatua, kisha kama mtu anayejikwaa bila kujikwaa. Nilisimama. Nilimwangalia mguu wa kidonda, kovu lilikuwa kavu na safi. Nikamwongoza tena, akachechemea tena.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mume wangu, "Mguu umerudi."

Alitoka nje akamtazama. Uani punda alitembea vizuri, hana kasoro. "Umeota," alisema. Kesho yake alimpeleka barabarani yeye mwenyewe akarudi. Punda alikuwa amechechemea.

Ndipo kijiji chote kikawa cha madaktari. Mwenye duka la vocha alisema mfupa ulipasuka ndani na daktari hakuuona. Katekista alisema ni baridi ya matope, hata yeye magoti yanamsumbua masika. Mwanamke mmoja ambaye hajawahi kufuga hata bata alisema punda amezoea kudekezwa na sasa anajifanya, kama wanafunzi siku ya mtihani. Hili la mwisho lilikuwa na wafuasi wengi, kwa sababu kweli siku nyingine alikuwa mzima kabisa, na ilionekana siku hizo ni zile anazoelekea nyumbani kwenye pumba.

Mimi nilicheka nao, lakini usoni tu. Kila alipokanyaga vibaya niliusikia ule ubao ukikatika. Punda alikuwa ameniambia hapa si pazuri. Aliniambia kwa lugha aliyo nayo, nikamjibu kwa fimbo. Jambo hili sikuwa nimemwambia mtu. Watu walijua ubao ulikatika, basi, na mume wangu aliwalaani waliotandaza mbao zile, nami nikaitikia.

Yeye, kwa upande wake, aliamua kwamba hili ni tatizo la ufundi. Alitoa daftari lenye jalada gumu ambalo alikuwa analitumia kazini kuandikia matrekta, kurasa za mwisho zilikuwa bado safi. Akapiga mistari. Akaandika asubuhi, mchana, jioni. Barabara ngumu, njia ya matope, majani. Amekula nini. Amechechemea au hakuchechemea.

"Trekta likiwa na sauti mbaya," aliniambia, "dereva anakwambia ni gia. Wewe humsikilizi. Unaliendesha kila mahali mpaka likwambie lenyewe."

Kwa hiyo kazi yangu ikawa kumwongoza punda na kazi yake ikawa kutazama. Nilikwenda mpaka kwenye mnazi, nikageuka, nikarudi. Nilikwenda haraka, nikaenda polepole. Nilizunguka kulia, nikazunguka kushoto. Yeye alisimama mbele, akasimama nyuma, na ikafika siku akalala kifudifudi pembeni mwa barabara ya kijiji, mzee mwenye mvi na kofia yake ya Ijumaa, shavu limegusa nyasi, ili azione kwato zinavyotua. Watu wa baiskeli walipunguza mwendo.

"Mzee ameanguka?" mmoja aliuliza.

"Hapana," nilimjibu. "Anamwangalia punda."

"Ahaa," alisema kwa adabu, akaongeza mwendo.

Wiki ya pili ya daftari ndipo alipopata jambo. Aliniita kibarazani akanionyesha mistari yake. "Kwenye matope hachechemei. Kwenye majani hachechemei. Barabara ngumu, anachechemea. Hapa uani mchanga ni laini, ndiyo maana sisi tunamwona mzima." Alifunga kalamu. "Na kitu kingine. Kichwa chake kinapanda. Kinapanda anapokanyaga mbele kulia."

"Mbele kulia?"

"Mbele kulia. Mguu wa kidonda ni wa nyuma kushoto."

Miezi yote hiyo tulikuwa tunaukagua ule mguu wenye kovu, tunaubonyeza, tunaukanda kwa mafuta, na punda ametuachia tu, labda akishangaa.

Hapo mtu angetarajia nifurahi. Badala yake nilianza kulia. Yeye alidhani nimechoka akaniambia tumwache kidogo. Nikamwambia hapana, kaa. Nikamweleza yote: kwamba punda alikataa, alinusa, akarudi nyuma, na nikamchapa. Kwamba hata huu mguu mwingine, una nini sijui, umetokana na siku ile, na siku ile niliifanya mimi.

Alilifunga daftari. Aliniambia kwamba kule kwenye mashamba ya miwa kulikuwa na kijana dereva aliyemfuata mara mbili kumwambia breki za trekta lake hazimridhishi, naye alikuwa na kazi nyingi akamwambia, "Breki ziko sawa, nenda." Trekta likaingia mtaroni. Kijana alivunjika mkono tu.

"Hukuwahi kuniambia," nilisema.

"Nilikuambia trekta liliingia mtaroni."

Nikakumbuka. Kweli aliniambia hivyo, miaka mingi nyuma, na nikaitikia pole. Tulikaa pale mpaka mvua ikaanza, tukaingia ndani kunywa chai. Hakunipa neno la kuniondolea lile kosa, na sikulihitaji. Nililala vizuri.

Daktari tulimpigia simu akaja baada ya siku chache. Mume wangu alimpa daftari kabla hajavua kofia ya pikipiki. Alilisoma lote amesimama, ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema, "Mzee, ungesomea udaktari tungeshindana." Nafikiri katika maisha yake ya ndoa na kazi mume wangu hajawahi kusifiwa akafurahi namna ile. Aliangalia pembeni akauliza kama daktari amepata chai.

Daktari alikubaliana naye: mbele kulia. Alishika ule mguu kuanzia begani kushuka chini, akiminya kila mahali. Akatoa koleo kubwa kama la fundi chuma, akaibana kwato pande zote, polepole, akimtazama usoni. Punda alipepesa sikio lake lililochanika. Daktari akabana tena palepale. Safari hii punda akapiga miayo.

"Hapa kuna kitu, au hakuna," alisema. "Punda hawasemi ovyo. Farasi angekuwa ameshanipiga teke." Alikwangua uchafu chini ya kwato kwa kisu chake kilichopinda, akatafuta tundu, mwiba, msumari. Hakuona. Akajifuta mikono.

"Sasa ni nini, mwanangu?" niliuliza.

"Sijui, mama."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa. Akaendelea kwamba huenda ni mshipa uliovutika, huenda ni jipu lililo ndani sana ya kwato, huenda ni kwamba kwa wiki saba uzito ulihamia mbele na mguu ukachoka. "Kumchimba kwato bila kujua nachimba wapi ni kumwongezea kidonda. Mwekeni pakavu. Kila siku mloweke huo mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, yenye chumvi, nusu saa. Mkiona mabadiliko yoyote, mnipigie."

Alipoondoka mume wangu alisema, "Fundi mzuri yule." Nikamwuliza fundi mzuri ni asiyejua? Akasema mafundi wote hawajui, wengi wao wanafungua injini hivyohivyo.

Pakavu, Mofu, mwezi wa Aprili. Tulihamisha kuni zote kutoka kwenye banda la kuni tukazirundika kibarazani, hata kiti chake cha kamba kikakosa nafasi. Akaleta maganda ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa, safari nane za baiskeli, akayamwaga bandani mpaka yakafika kwenye vifundo vya miguu. Punda aliingia, akajigaragaza, akasimama mweupe kama amepakwa unga.

Kuloweka mguu ndiko kulikotushinda. Siku ya kwanza aliingiza kwato kwenye beseni, akaona maji, akaitoa, akakanyaga ukingo na beseni likatumwagikia sote wawili. Siku ya pili alikunywa yale maji, akakunja mdomo kwa ajili ya chumvi, akageuka kunitazama. Siku ya tatu beseni lilipasuka. Mume wangu alikuja na ndoo ya chuma aliyoikata, yenye ukingo aliouzungushia mpira wa tairi la baiskeli, nzuri kweli, na punda aliiogopa asiisogelee.

Jirani yetu Msukuma alipita kuomba moto, akasimama ukutani akitutazama tunavyobembeleza. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Dada, mnampa maji kabla hajaijua ndoo," alisema. "Toeni maji. Mwekeni mguu kwenye ndoo tupu, mpeni pumba. Kesho hivyohivyo. Keshokutwa maji kidogo, kama ya kunawa mikono ya mtoto."

"Na kama bado atatoa mguu?"

"Mnarudi kwenye ndoo tupu. Mna haraka ya kwenda wapi?"

Tulifanya alivyosema. Siku ya tano alisimama nusu saa nzima mguu umo majini, pumba ziko mbele, macho ameyafumba nusu. Jirani alizoea kuja saa hiyo na mtama wake wa kupeta. Sisi watatu tulikaa bandani tukipiga soga na mgonjwa katikati yetu, mvua ikipiga bati, na nikiri kwamba siku zile zilikuwa nzuri. Nilijifunza kuitikia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, bila kukosea, na jirani akajifunza kupika ndizi kwa nazi kama ninavyozipika mimi, akasema si mbaya, ila zinahitaji maziwa.

Lakini mguu haukupona. Wiki ya pili ya kuloweka ulizidi. Sasa alichechemea hata kwenye maganda ya mpunga, na jioni moja tukamkuta amesimama kwa miguu mitatu, ule wa mbele kulia ameugusisha ncha tu. Hakula. Punda asiyekula pumba ni jambo zito. Mume wangu aliweka mkono juu ya kwato akasema ina moto kama rejeta ya trekta. Daktari alikuwa upande wa Malinyi, njia imejaa maji, akasema kwa simu tuendelee na maji moto, mara tatu kwa siku, yeye atakuja keshokutwa.

Wapo waliosema tumuuze kabla hajafa. Mnunuzi alipatikana upesi, mtu asiyeuliza kama punda anatembea, na tulijua maana yake ni kisu. Mume wangu alimkaribisha, akampa kiti, akazungumza naye habari za mvua, akamsindikiza mpaka barabarani. Suala la punda hakulijibu kabisa. Yule mtu aliaga akiwa amechanganyikiwa.

Asubuhi ya siku aliyotakiwa kufika daktari nilikwenda bandani na ndoo ya maji ya moto. Kabla sijaingia nilisikia harufu. Ilikuwa harufu mbaya sana, ya kitu kilichooza muda mrefu mahali pasipo na hewa. Nikasukuma mlango, na punda akanijia. Alikuja kwa miguu minne, hatua za kawaida, akaingiza pua kwenye ndoo akaona si pumba, akaingiza pua kifuani kwangu.

Niliita. Mume wangu alikuja na mswaki mdomoni, jirani naye akaja kwa kusikia sauti. Tuliinama wote watatu. Pale juu ya kwato, inapokutana na manyoya, palikuwa na kitundu kidogo kama cha kupitisha njiti ya kiberiti, na usaha mweusi ulikuwa ukitoka na kuteremka mpaka chini.

Jirani alijiziba pua kwa kitenge huku anacheka. "Ndiyo hiyo nyumba aliyojificha huyo mwizi," alisema. "Imenuka, imeisha."

Mume wangu hakujiziba pua. Alipiga goti kwenye maganda akaitazama ile kwato muda mrefu, akaiosha, akaiosha tena, na alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. Akasema ni harufu. Tulimkubalia.

Daktari alifika saa sita. Alisafisha, akachunguza, akasema lilikuwa jipu ndani ya kwato, chini kabisa, mahali ambapo kisu chake kisingefika bila kumharibu. Lilitafuta njia ya kutokea likapanda juu, na maji ya moto yalilisaidia kuiva. Nilimwuliza lilisababishwa na nini. Alisema pengine kijiwe kidogo cha barabarani, pengine kwato iliyolainika kwa maji, pengine uzito ulioegemea mbele wakati mguu wa nyuma unauma. "Pengine vyote. Pengine hakuna hata kimoja."

"Kwa hiyo hatutajua," nilisema.

"Hatutajua, mama. Lakini angalia anavyotembea."

Tulimwangalia. Alikuwa ameshatoka bandani anaelekea jikoni.

Alipumzika mwezi mwingine, tundu likaziba. Daraja la mfereji mume wangu alilijenga upya na wale wavuvi watatu, kwa magogo na si mbao. Mpunga ulipoiva punda alibeba, viroba viwili mwanzoni, kisha vitatu, na kwenye barabara ngumu nilitembea nyuma yake nikitazama kichwa chake. Kilikuwa kimetulia. Kovu lake la nyuma lina nywele nyeupe, watoto wa shule wanaliita soksi. Akisimama njiani siku hizi, nami nasimama. Mara nyingi hakuna kitu, amesikia harufu ya mahindi ya mtu. Tunachelewa kufika, na wanawake wa jarubani wameacha kuniuliza kwa nini.

Habari za daftari zilivuka mto. Mwezi wa Agosti alikuja mtu kwa baiskeli kutoka Lupiro, akapiga hodi, akaamkia, akakaa, na baada ya maji na habari za mavuno akasema amesikia hapa kuna mzee anayetibu punda.

"Sitibu," mume wangu alisema. "Naangalia tu. Wako anachechemea mguu upi?"

"Wa nyuma, nadhani."

"Unadhani," mume wangu alisema, akainuka kuchukua kofia na daftari.

Alikwenda naye asubuhi ile, akaniambia atarudi kabla ya magharibi. Hakurudi. Alipiga simu kusema analala hukohuko, nisiwe na wasiwasi. Kesho yake alasiri nilimwona anakuja kwa miguu kutoka stendi, nguo zote zina grisi, ameshika kambale wawili wakubwa kwa kamba.

"Punda wa watu amekuwaje?" nilimwuliza.

"Alikuwa na mwiba. Nimeutoa kwa dakika tano."

"Sasa siku mbili?"

Alinipa kambale, akaanza kuvua viatu kibarazani, na uso wake ulikuwa umechangamka. "Yule bwana ana pawatila, kitrekta cha mkono cha kulimia," alisema. "Haijawaka tangu mwaka jana. Hebu niletee maji ya kunawa nikueleze ilikuwa na nini."